Chokaa Juu ya Ufa: Je, Yafaa Kuipamba Nyumba ya Kuuza?

Ndugu msomaji, je, mtu anayetaka kuuza nyumba yake anayo ruhusa ya kuipamba kabla ya kumwonyesha mnunuzi? Swali hili laonekana jepesi, na huenda ukastaajabu kuona gazeti la dini likishughulika na chokaa, lipu na mabati. Lakini dini isiyothubutu kuingia ndani ya nyumba ya mtu, na kuchungulia nyuma ya kabati alilolisogeza ukutani asubuhi ile mnunuzi alipotarajiwa, yatufaa nini? Tena mwenye kuandika haya anayo sababu yake mwenyewe ya kuliuliza swali hili, nayo ataieleza mbele, kwani haitakuwa haki kuwahukumu wengine huku yeye amejificha.

Zamani katika Karagwe swali hili lisingeulizwa kabisa. Mfalme Rumanyika alipowapokea wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, huko Bweranyange mwaka 1861, nyumba haikuwa bidhaa. Ilikuwa ni msonge wa miti na nyasi, nao ulisimama katikati ya kibanja chenye migomba. Na kibanja kilikuwa cha ukoo, ndani yake wamezikwa wazee. Aliyetaka kukitoa kwa mgeni hakuwa na haja ya kumdanganya mgeni huyo. Taabu yake ilikuwa ni kuwakabili ndugu zake kwanza. Hata ilipofika mwaka 1990 jambo hili lilikuwa bado likipelekwa mahakamani. Katika shauri moja mashuhuri kutoka mkoa huu wa Kagera, mwanamke aliyerithi shamba kwa wasia wa baba yake aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akapinga kwa hoja kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza. Naye Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Basi tazama jinsi watu walivyogombana juu ya nani auze, wala si juu ya namna ya kuuza.

Siku hizi mambo yamegeuka. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, na tangu hapo Rubwera, Nkwenda, Kaisho na Isingiro, kama vile Kayanga na Omurushaka kwa upande wa Karagwe, kumeongezeka watumishi wa serikali, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanaohamia na kuhama. Anayehama huuza, na anayehamia hununua. Katikati yao amesimama dalali, naye humwambia muuzaji maneno yale yale: "Piga rangi kwanza, Mzee. Nyumba ni kama bibi arusi."

Si Karagwe peke yake. Katika Marekani kuipamba nyumba ya kuuza kumekuwa kazi ya kulipwa. Mwanamke mmoja wa jimbo la Washington, Barb Schwarz, hutajwa kuwa ndiye aliyeianzisha mwaka 1972. Jina waliloipa kazi hiyo wamelitoa katika jukwaa la michezo ya kuigiza. Wapambaji hao huondoa picha za watoto wa mwenye nyumba, huleta viti vidogo ili chumba kionekane kikubwa, huwasha taa zote hata mchana, na huweka maua mezani. Mnunuzi akiingia haoni nyumba ya mtu fulani; huona maisha ambayo angependa yawe yake. Kwetu hakuna wapambaji wa kukodi, lakini kila muuzaji ni mpambaji, na vifaa vyake ni fagio, chokaa, rangi, mkeka mpya, na makochi aliyoyaazima kwa shemeji.

Sasa tusikimbilie kuharamisha. Uislamu haukuja kuwapendezesha watu uchafu. Mwenye kuufagia ua, kung'oa magugu, kuziba tundu la bati, kubadili kioo kilichovunjika na kupaka rangi ukuta ulio mzima, hakumdhulumu mtu. Mnunuzi atakapohamia atakikuta kioo kile mahali pake na bati lile limezibwa. Rangi itabaki ukutani nayo ni yake. Kitu alichokilipia amekipata. Zaidi ya hayo, nyumba chafu nayo yaweza kusema uongo: nyumba imara iliyojaa masizi humfanya mnunuzi adhani imechakaa, na mwenye kuisafisha humsaidia kuona kweli. Hapa hatuna ugomvi na dalali.

Vipi makochi ya shemeji? Mnunuzi ajua kwamba viti huondoka na mwenyewe, kwa hiyo sioni kosa katika kumwonyesha jinsi sebule inavyoweza kupangwa. Lakini ikiwa kochi kubwa limewekwa makusudi juu ya sakafu iliyotitia, basi kochi lile limeacha kuwa kochi. Na vile viti vidogo vya Marekani vinanitia shaka kidogo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din, amewahesabu miongoni mwa wadanganyifu wauza nguo wanaozionyesha bidhaa zao mahali penye giza, na yule anayemwonyesha mnunuzi kiatu kilicho kizuri katika jozi na kukiacha chini kile kibaya. Sisi leo twawasha taa zote pale ambapo wao walizima, na nia yaweza kuwa ile ile. Hata hivyo chumba chaweza kupimwa kwa hatua za miguu, na mwenye macho ataujua upana wake. Sitamwita muuzaji yule mwizi kwa sababu ya viti.

Neno langu ni juu ya mambo ambayo macho hayawezi kuyafikia.

Tafakari juu ya tanki la maji. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa maji ni taabu kubwa wakati wa kiangazi, na nyumba yenye tanki la kuvuna maji ya mvua huongezeka bei. Nao wakati wa kiangazi ndio wakati wa kuuza nyumba, kwa kuwa ndio wakati fedha ya kahawa inapoingia mikononi mwa watu. Basi yuko muuzaji ambaye tanki lake lina ufa, halihifadhi maji hata wiki moja. Naye jioni kabla ya mnunuzi kufika huwalipa vijana wa baiskeli wakamletea madumu kutoka mtoni, akalijaza. Asubuhi mnunuzi hugonga tanki, husikia limejaa, husema, "Alhamdulillahi, mwezi wa saba na maji yapo!" Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Maji yamesema kwa niaba yake.

Ndugu msomaji, hila hii si mpya. Waarabu wa zamani walipotaka kumuuza ngamia au mbuzi wa maziwa, walimfunga chuchu siku kadhaa bila kumkamua, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani huyu ni mnyama wa maziwa mengi. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alikataza jambo hilo waziwazi, na akampa mnunuzi aliyelaghaiwa siku tatu za hiari: akipenda amweke, akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende, malipo ya maziwa aliyoyatumia. Tazama uadilifu wa hukumu hii. Mnunuzi hasamehewi maziwa aliyokunywa, wala muuzaji hasamehewi hila yake. Na tazama pia kwamba maziwa yale yalikuwa maziwa ya kweli, ya mnyama yule yule. Kilichokuwa cha uongo ni ahadi iliyoonekana katika kiwele, yaani kwamba kesho patakuwa kama leo. Tanki la kiangazi ni kiwele kilichofungwa.

Kadhalika kibanja. Nyumba za kwetu mara nyingi huuzwa pamoja na migomba iliyozizunguka, na tangu katikati ya miaka ya 2000 mkoa wa Kagera umesumbuliwa na mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao huweza kuuacha mkungu ukiwa mzuri kwa nje, kumbe ukiikata ndizi ndani ni kahawia na imeoza. Ukilikata shina, hutoka utomvu wa manjano kama usaha. Mwenye kuing'oa migomba iliyougua, akaifukia, akatandaza nyasi mpya juu yake, anafanya lile ambalo mabwana shamba wanalihimiza, nalo ni jema. Lakini akiyafanya hayo juma moja kabla ya kuuza na akanyamaza, mnunuzi ataihamisha mimea na kulitumia panga lile lile kutoka shina hadi shina, na katika misimu michache hana shamba. Tendo moja, mwiko mmoja wa udongo. Kusema au kutosema ndiko kunakolifanya kuwa tiba au kuwa ulaghai.

Sasa nafika kwenye sababu yangu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, kabla kidogo ya saa tisa na nusu alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka. Wataalamu walikipima kishindo hicho kuwa cha 5.9, na kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga. Watu wasiopungua kumi na saba walifariki, wengine wengi wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Nyumba za kwetu za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, zisizo na nondo wala mkanda wa zege juu ya madirisha, zilipasuka kwa namna moja: ufa ulianza katika pembe ya dirisha au ya mlango, ukashuka mshazari kama ngazi, tofali kwa tofali, hadi kwenye msingi. Waliokuwa na uwezo walibomoa wakajenga upya. Waliokuwa hawana waliishi na ufa wao. Na wengine waliuza.

Mjomba wangu wa Nkwenda aliuza katika kiangazi cha mwaka 2018. Chumba cha upande wa magharibi kilikuwa na ufa ambao mkono wa mtoto ungeweza kuingia. Aliniita nimsaidie, nami nilikwenda, kwani ni mjomba. Tulijaza ufa ule kwa vipande vya matofali na udongo, tukapiga lipu juu yake, tukapaka chokaa nyumba nzima ili kiraka kisijulikane. Mchanga niliuchekecha mimi, na lipu ile niliichanganya mimi. Siku ya nne akaja mnunuzi, mwalimu kijana pamoja na mkewe na watoto wawili wadogo. Akaizunguka nyumba, akatazama kenchi kama zina mchwa, akagonga milango. Kisha akasimama katika chumba kile cha magharibi, akauweka mkono wake ukutani, akauliza kwa adabu: "Shikamoo tena, Mzee. Tetemeko la mwaka 2016 halikuigusa nyumba hii?"

Mjomba akajibu: "Mwalimu, si unaona mwenyewe?"

Mwalimu akaupapasa ukuta, akasema nyumba ni nzuri. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, chokaa ingali katika kucha zangu, nikanyamaza.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja ambazo nawe, ndugu msomaji, huenda umezisikia, au umezisema. Hebu tuzipime.

Hoja ya kwanza ni kwamba mnunuzi ana macho, na kama hayatoshi na alete fundi wake. Hoja hii ina nguvu pale ambapo kasoro iko wazi. Mlango ulioinama, bati lenye kutu, choo kilichojaa: kama mnunuzi hakutazama, uzembe ni wake. Lakini mimi nilifanya kazi siku tatu ili macho yake yasione. Siwezi kumfumba mtu macho kisha nikamlaumu kwa kutotazama. Siku moja Mtukufu Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume s.a.w. hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya hana uhusiano naye. Mvua ilitoka mbinguni, kama vile tetemeko lilivyotoka ardhini, wala hakuna muuzaji atakayeulizwa habari zake. Atakaloulizwa ni mpangilio: kipi alikiweka juu, na kipi alikiweka chini.

Hoja ya pili ni kwamba mjomba hakusema uongo. Ni kweli, hakusema. "Unaona mwenyewe" ni maneno matupu kama debe. Lakini uongo ni nini? Kama uongo ni kutamka neno lisilo kweli, basi yule mwenye kulijaza tanki ni mkweli, na mwenye kumfunga ngamia chuchu ni mkweli, maana hawakutamka lolote. Mwalimu aliuliza habari ya ukuta, na ukuta ndio uliomjibu; ila ukuta ulikuwa umefundishwa la kusema, na waliofundisha ni sisi wawili. Naona neno lile lilikuwa baya zaidi ya uongo wa wazi. Lau mjomba angesema "haikuguswa", mwalimu angeweza siku moja kumshika kwa neno lake. Kwa kumwambia "unaona mwenyewe" alimfanya mwalimu awe shahidi wa kujidanganya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siipuuzi. Mjomba hakuwa tajiri wa kuchezea nyumba. Alikuwa na mgonjwa hospitali na watoto shuleni, na nyumba ile ndiyo mali yake yote. Angeitaja kasoro, bei ingeshuka kwa theluthi au zaidi. Tena katika soko ambalo kila muuzaji huficha, msema kweli huadhibiwa mara mbili: mnunuzi hupunguza bei kwa ufa uliotajwa, kisha hupunguza tena kwa nyufa ambazo anadhani hazikutajwa. Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa motokaa zilizotumika, na kazi hiyo ikamletea Tuzo ya Nobeli mwaka 2001. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua na mnunuzi hajui, wenye vitu vizuri hujiondoa sokoni mmoja mmoja kwa kuwa hawapati thamani yao, na soko likabakiwa na vibovu. Kwa hiyo tukisema kwamba mwenye kusema kweli hapati hasara yoyote hapa duniani, tutakuwa tunawapamba wasomaji wetu kwa chokaa.

Lakini zingatia jambo hili: hasara ile haikuletwa na ukweli. Ililetwa na tetemeko. Jioni ile ya Septemba nyumba ya mjomba ilipoteza sehemu ya thamani yake, na hakuna lipu duniani iliyoweza kuirudisha. Lililobaki ni kuamua nani aibebe hasara hiyo. Mjomba alikuwa masikini. Lakini mwalimu naye alikuwa amekopa, na mkopo wake ungekatwa katika mshahara miaka mingi. Tulichukua mzigo ulioangukia bega moja tukauhamishia bega la mwingine wakati amegeuka. Tena tulimhamishia zaidi ya fedha. Kitanda cha watoto wake kiliwekwa chini ya ukuta ule.

Katika mambo ya nguo na nafaka, udanganyifu huishia mfukoni. Katika nyumba huishia kaburini. Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko kubwa liliipiga Uturuki ya kusini, na huko Uturuki peke yake zaidi ya watu elfu hamsini walifariki. Katika mji wa Antakya lilianguka jengo la ghorofa kumi na mbili lililoitwa Rönesans Rezidans, lililokuwa na umri wa miaka kumi hivi, na mamia walikufa ndani yake. Vyumba vyake vilikuwa vimetangazwa kwa wanunuzi kama kipande cha peponi. Walionunua waliona marumaru, bustani na kidimbwi cha kuogelea. Nguzo hakuna aliyeziona, kwani nguzo hazionyeshwi.

Utauliza, na sheria ya nchi yasemaje? Sheria ya Mikataba ya Tanzania huhesabu kuwa ulaghai kitendo cha mtu anayelijua jambo kulificha kwa makusudi. Lakini kunyamaza kutupu, kwa kawaida, hakuhesabiwi ulaghai ila pale penye wajibu wa kusema. Maana yake, sheria humshika mwenye mwiko na humwachia mwenye mdomo uliofumbwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hukataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, na hapa napenda kutia neno la pembeni: nyufa mbaya kuliko zote haziko ukutani. Mke ambaye hakuridhia, ndugu ambaye hakushirikishwa urithi, jirani ambaye amegombania mpaka hadi mlamula uliopandwa na wazee ukang'olewa usiku — haya nayo hupakwa chokaa siku ya kuuza, na mnunuzi huyagundua akiisha lipa.

Dini imekwenda mbele ya sheria. Imamu Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo huko Kufa, inasimuliwa kwamba alimpa mshirika wake nguo na kumwambia kwamba moja ina kasoro, aitaje atakapoiuza. Mshirika akasahau, wala mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akaitoa sadaka fedha yote ya bidhaa ile. Sahaba Jarir bin Abdullah naye alikuwa akiuza kitu huonyesha kasoro zake kwanza, kisha humwachia mnunuzi achague. Akiambiwa kwamba kwa namna hii hutauza, hujibu kwamba alimwahidi Mtume s.a.w. kumtakia mema kila Mwislamu. Na yupo Abu Rafi, aliyekuwa amepewa dinari 500 kwa nyumba zake katika ua wa Saad bin Abi Waqqas, akamwachia Saad kwa bei iliyo chini yake, tena ya kulipwa kidogo kidogo, kwa kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akisema kwamba jirani ana haki zaidi. Huyo hakuwa hata na ufa wa kuficha.

Hao wote walikuwa wauzaji. Mimi sikuwa muuzaji. Sikupata hata shilingi. Hii ndiyo ilikuwa hoja yangu ya mwisho, nayo iliniponza hadi siku nilipoisoma katika Ihyaa habari ya Wathila bin Asqaa. Sahaba huyu alikuwa amesimama tu sokoni, mtu akauza ngamia kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika. Alipozinduka, mnunuzi amekwisha ondoka na ngamia wake. Akamkimbilia huku akipiga kelele, akamuuliza: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Yule akasema kwa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika ukwato wa ngamia huyo, hataweza safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kumpunguzia dirhamu 100. Muuzaji akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Wathila akajibu kama Jarir alivyojibu, tena akaongeza kwamba amemsikia Mtume s.a.w. akisema si halali kwa yeyote mwenye kuijua kasoro kuacha kuieleza.

Kwa yeyote mwenye kuijua. Si muuzaji peke yake.

Mvua za vuli za mwaka ule zilipokolea, nilikwenda Nkwenda. Mwalimu alinipokea vizuri, akanikaribisha ndani, na mkewe akaleta kahawa ya kutafuna katika kisahani, kama desturi ya kwetu kwa mgeni. Mwalimu akanionyesha ukuta wa magharibi. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kuchora njia yake ya zamani, kutoka pembe ya dirisha kwenda chini. Alidhani ni lipu mbovu, akaniuliza kama namjua fundi mzuri wa kuipiga upya.

Nikamweleza. Nilianza na mchanga niliouchekecha, nikamaliza na jibu la mjomba. Alikaa kimya kwa kitambo. Kisha akamwita mkewe, wakakishika kitanda cha watoto, huyu upande huu na yule upande ule, wakakihamishia chumba cha pili. Aliporudi hakunitukana. Aliniuliza tu ukuta huo ungehitaji matofali mangapi.

Mjomba alikasirika sana, akaniambia maneno yale yale ya muuzaji wa ngamia, ingawa hajapata kusikia habari zake. Hiari ya kuirudisha nyumba mwalimu hakuitumia. Fedha ilikuwa imekwisha kuliwa na hospitali. Kiangazi kilichofuata tuliubomoa ukuta ule hadi msingini, tukaujenga kwa saruji, na juu ya dirisha tukamwaga mkanda wa zege wenye nondo. Matofali nililipa mimi, saruji alinunua mwenyewe. Siku ya pili ya kazi mjomba alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, akatutazama muda mrefu, akaondoka bila kusema neno. Siku ya tatu alimtuma mtoto na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mafundi.